Sifa Zake Anayetapika Garini

Dereva husifiwa akitufikisha salama. Aliyelipia mafuta husifiwa kabla hatujaondoka, maana huhakikisha risiti imeonekana kwenye grupu. Bibi husifiwa kwa dua, shangazi kwa chapati, na mjomba aliyetuazima gari lake la Noah husifiwa mpaka siku gari linaporudi na mkwaruzo. Katika msafara mzima wa ukoo unaoshuka pwani mwezi wa Desemba kuna mtu mmoja tu asiyeambulia hata "ahsante". Ni yule aliyekaa dirishani, ndimu puani, macho yamelegea, ndoo ndogo ya rangi katikati ya miguu. Huyo huitwa kero. Huombewa apitiwe na usingizi. Wapo wanaopendekeza, kwa sauti ya chini, kwamba safari ijayo abaki kulinda nyumba.

Mimi nasema huyo ndiye mpangaji bora wa safari aliyepata kuzaliwa katika ukoo wowote ule, na leo nampa haki yake.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu husifiwa kwanza kwa aliotokana nao. Horatio Nelson, jemadari wa majini aliyewapigania Waingereza pale Trafalgar mwaka 1805, alikuwa akichafukwa na bahari hata alipokuwa mtu mzima mwenye vyeo vyake, na alilalamika mwenyewe kwenye barua zake. Charles Darwin alipanda meli ya Beagle mwezi wa Desemba 1831, akashuka Oktoba 1836, na miaka yote hiyo bahari ikichafuka naye anachafuka, anajilaza, anaponea biskuti na zabibu kavu. Ndiyo sababu kila meli ilipotia nanga yeye hakusubiri kuambiwa. Alishuka. Katika safari ile iliyojulikana kuwa ya baharini, alikaa nchi kavu muda mrefu kuliko aliokaa majini, akipanda farasi, akichimbua mifupa, akikusanya ndege na mende. Wenye matumbo ya chuma walibaki melini wakipima vina vya maji. Sasa niambie ni yupi kati yao ambaye watoto wetu wanaulizwa habari zake kwenye mtihani wa baiolojia.

Na kama ukoo huo ni wa zamani mno kwako, yupo Seneta Jake Garn wa Marekani, aliyerushwa angani katika chombo cha Discovery Aprili 1985. Aliugua kichefuchefu kikali kiasi kwamba wanaanga, kwa utani, wakalifanya jina lake kuwa kipimo: Garn moja ndiyo kilele cha kuugua, na wengi hawafiki hata sehemu ya kumi. Katika ukoo wako ni nani aliyewahi kugeuzwa kipimo?

Mwili wake nao unastahili kusifiwa. Wataalamu wanaeleza kwamba ndani ya sikio mna vifereji vyembamba vyenye majimaji, na majimaji hayo yakisogea huujulisha ubongo kwamba tunayumba, tunakata kona au tunapanda tuta. Macho nayo yana taarifa yake. Ukiinamia simu garini, macho yanasema umetulia tuli. Sikio linasema kona ya tatu hiyo. Ubongo unaletewa mashahidi wawili wanaopingana, na hukumu inaliangukia tumbo. Mtu ambaye kiungo hicho cha sikioni kimekufa kabisa hatapiki, hata umzungushe kutwa. Maana yake ni kwamba anayetapika ni mzima na vyombo vyake vyote vinafanya kazi. Baba Mkubwa anayejigamba kwamba hajapata kutapika garini tangu azaliwe, na apime vizuri anajigambia nini.

Wachanga walio chini ya miaka miwili hupatwa kwa nadra. Wa shule ya msingi ndio wanachama wengi wa chama hiki. Anayesalimika kuliko wote ni dereva, kwa sababu yeye anaijua kona kabla haijafika. Kwa hiyo dereva anayemwambia mtoto "jikaze bwana" anatoa mawaidha juu ya jambo asilolijua.

Sasa tuje kwenye kazi yake hasa, ambayo ni kupanga safari.

Safari ya ukoo ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga kwa njia ya pwani huanza na ratiba ya Baba Mkubwa. Huingia kwenye grupu mwezi mzima kabla, kwa herufi kubwa. SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI KUONDOKA, ASIYEKUWEPO ATATUFUATA KWA BASI. SAA KUMI NA MBILI NA NUSU BAGAMOYO, SUPU, DAKIKA ISHIRINI. SAA NNE SAADANI. SAA SABA PANGANI, CHAKULA. SAA KUMI TONGONI, PICHA. SAA KUMI NA MBILI TANGA. Shangazi aliyeko Muscat, ambaye haji, anatuma ujumbe wa sauti mrefu akitaka magofu ya Kaole yaongezwe. Kijana mmoja anafungua kura. Wanaopiga kura ni wachache, na nusu yao hawasafiri. Mtu anauliza mchango ni shilingi ngapi, grupu zima linanyamaza hadi kesho yake.

Ratiba hiyo ina dosari moja tu: imetungwa na mtu mwenye tumbo zuri. Mwenye tumbo zuri hajui umbali. Kwake yeye kutoka Bunju hadi Bagamoyo ni muda wa kumaliza habari za mechi ya Simba na Yanga. Hajui kwamba kati ya hapo kuna Mapinga, kuna Kerege, kuna Zinga na Kiromo, na kwamba kila mahali hapo watu wanaishi, wanauza vitu na wana matuta yao. Mwenye tumbo jepesi anavijua vituo hivyo vyote kwa mpangilio, na anavijua kwa mwili.

Basi mnapofika Kerege, jua ndiyo kwanza linapanda, sauti ndogo inatoka nyuma: "Mjomba, simama." Hakuna sentensi yenye mamlaka kama hiyo. Katika gari lile lile dakika moja iliyopita, Baba Mkubwa na Baba Mdogo walikuwa wameanza tena habari ya lile shamba la urithi la Muheza, nani alipanda michungwa na nani alikuwa Dar akila raha. Mzozo huo umewashinda wazee wa ukoo, umemshinda sheikh, umelishinda baraza la kata. "Mjomba, simama" inaukata papo hapo. Gari linayumba kuelekea pembeni, mlango unafunguliwa kabla halijasimama, na ndugu wawili waliokuwa hawatazamani wanashikana kumteremsha mtoto, mmoja kashika mabega, mwingine kashika ndoo.

Na hapo pembeni mna nini? Mna mwembe, na chini ya mwembe mna mzee wa madafu. Hayumo kwenye ratiba. Ana baiskeli iliyosheheni madafu pande zote mbili za kiti, na panga lililonolewa hadi limekuwa jembamba. Analizungusha dafu kiganjani, analikata kichwa kwa mapigo matatu, tone halimwagiki, kisha anamnyooshea mgonjwa bila kuuliza bei: "Mpe huyu kwanza. Anywe taratibu, asigugumie." Bibi, ambaye magoti yake yalikunjwa tangu Mbezi na hakutaka kuwa msumbufu, anashuka, anajinyoosha, anamuuliza mzee kwao wapi. Kwao Mlingotini. Bibi ana mtu Mlingotini. Ndani ya dafu moja wameshagundua kwamba ni watani, na mzee anakataa hela ya dafu la bibi mpaka abembelezwe. Hilo lote limeandaliwa na nani? Kamati ya safari ilikaa mwezi mzima ikashindwa kumpatia bibi kituo cha kunyoosha miguu. Tumbo la mjukuu wake limekitoa kabla ya saa moja.

Bagamoyo nako sifa za mpangaji wetu hazina kificho. Ratiba ilisema supu, dakika ishirini. Lakini mtu aliyetoka kutapika hakai karibu na sufuria ya supu ya utumbo, anataka upepo. Kwa hiyo lazima mtu amtembeze, na akitembezwa mmoja wanafuata wote. Mnajikuta kwenye misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanza mwaka 1868, chini ya miembe mikubwa. Mnafika ufukweni mnatazama majahazi, na mtoto anauliza kwa nini mji wenye majengo makubwa hivi hauna kelele. Mtu anamweleza kwamba misafara ya bara ilikuwa inaishia hapa na meno ya tembo na watu waliofungwa minyororo, na kwamba Wajerumani walikuwa na makao yao makuu hapa hadi walipoyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Halafu, kwa kuwa rangi ya uso haijamrudia sawasawa, inaonekana afadhali kusogea kidogo hadi Kaole. Shangazi wa Muscat anashinda hoja yake bila kura.

Kuna sifa moja ambayo hata adui zake hawawezi kuikanusha: ndani ya gari lenu, yeye peke yake ndiye anayeiona pwani. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wake ni kuacha simu na kuangalia mbali, pale mbingu inapokutana na ardhi. Wengine wote wameinamisha vichwa. Binti mkubwa anatuma picha za jana. Kijana anaangalia mechi iliyochezwa Uingereza. Ni mgonjwa anayesema, kwa sauti ya mtu anayehifadhi pumzi, "Kuna mtu amebeba taa kwenye baiskeli." Wanainua vichwa wakidhani ni taa ya umeme. Ni samaki taa, mpana kuliko meza ya kahawa, amefungwa nyuma ya baiskeli, mabawa yananing'inia huku na huku na mkia unaburuzika. Wameshampita. Aliyemwona ni mmoja.

Njia ya Saadani sitaikawilia. Waliopita enzi za vumbi wanaijua, na tumbo la mpangaji wetu lilitoa maoni yake kila baada ya kilomita chache, mengine makali. Lakini ni yeye aliyetusimamisha kwenye mabwawa ya chumvi, ambako maji ya bahari hukaushwa na jua na chumvi hukusanywa kwa marundo meupe yanayoumiza macho. Sisi tulikuwa tukienda kuona wanyama. Saadani ni hifadhi ambayo pori lake linafika hadi ufukweni, na kila mtu alikuwa na hamu ya kumpiga picha tembo mwenye bahari nyuma yake. Tembo hatukumwona. Chumvi tuliyoitazama ikivunwa ndiyo iliyozungumzwa hadi Pangani, na bibi alipata ya kufungia kwenye khanga.

Nikubali hapa kwamba watesi wake wana hoja moja yenye uzito: anachelewesha. Karibu na Pangani kuna Maziwe, kisiwa cha mchanga mtupu ambacho hujitokeza maji yakipwa na hufunikwa yakijaa. Bahari haina grupu. Ukichelewa, kisiwa hakipo. Vijana walikuwa wamenunua hadi miwani ya kuogelea, na tulipofika maji yalikuwa yameshajaa. Walinuna. Lakini kwenda Maziwe lazima upande mashua, na wale waliomcheka mgonjwa barabarani wangekuwa katikati ya mkondo, mawimbi yanapiga ubavuni, bila ndoo. Kwa hiyo hata kutuchelewesha kwake huko nakuhesabu kuwa ni kutusitiri.

Pale Bweni, ambako magari yalikuwa yamepanga foleni kusubiri kivuko cha kuvuka Mto Pangani, aliwahi kututendea jambo ambalo wala pesa wala cheo kisingeweza. Baba Mkubwa alishuka akajieleza kwa wenye foleni kwa lugha ya kiofisa, hakuna aliyemsikiliza. Mtoto akashuka na ndoo yake. Watu wakatupisha.

Ng'ambo ya mto ndipo alipopata nafuu. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa gati akila muhogo wa kuchoma usiotiwa pilipili, na sisi tukapata muda wa kuuona mji ambao ratiba iliupa saa ya kula tu: nyumba za kale zenye milango ya nakshi, boma, na habari ya Bushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani tangu 1888 mpaka wakamkamata na kumnyonga hapo hapo Pangani Desemba 1889. Biriani ya mgonjwa iligawiwa. Sijasikia mtu akiitaja sifa hiyo, ila kila safari nawaona wanaoisubiri.

Kutoka Pangani kuelekea Tanga unapita Kigombe na mashamba ya katani, mistari iliyonyooka hadi inakutia kizunguzungu hata wewe mwenye tumbo zuri. Halafu Tongoni. Kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, mengine nguzo zimeshalala chini, na bahari iko karibu sana. Pwani hii ina mfano wa safari iliyopangwa upya na wagonjwa. Januari 1499, akirudi kutoka India, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake mojawapo, São Rafael, kwenye mafungu ya karibu na hapa, kwa kuwa kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Yeye alikuwa na ratiba ya mfalme. Wagonjwa walikuwa na ratiba nyingine, na ndiyo iliyofuatwa.

Tanga yenyewe ina somo kali zaidi kwa wapangaji wanaojiona majemadari. Novemba 1914 Waingereza walileta hapa wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Watu hao walikuwa wamebanana melini wiki kadhaa, wengi wamelegezwa na bahari, na waliteremshwa ufukweni wakaingizwa vitani bila kupumzishwa. Upande wa pili alikuwapo Paul von Lettow-Vorbeck na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Waliotoka melini walishindwa vibaya, nyuki wa mashambani nao wakawatimua, hata wengine wakayaita mapigano ya nyuki. Nimesoma lawama nyingi kuhusu siku zile: ujasusi mbovu, majivuno, mipango ya harakaharaka. Sijaona aliyesema kwamba lile jeshi lilihitaji mwembe, dafu na nusu saa ya upepo.

Adui zake hudai pia kwamba anagharimu. Wakati wa kurudi, kwa barabara kuu ya Segera na Chalinze, ndipo utajua nani anagharimu. Kwenye makazi mwendo ni kilomita hamsini kwa saa, na trafiki ana tochi yake nyuma ya mti. Magari yanayotupita kwa kiburi tunayakuta mbele yamesimamishwa, wenyewe wameshika leseni mkononi. Sisi tunakwenda polepole kwa sababu kila dereva akikanyaga mafuta, ndoo inainuliwa. Matuta tunayapanda kwa adabu. Na tukisimamishwa kwa ukaguzi wa kawaida, trafiki huinama dirishani, huona alichoona, hurudi nyuma hatua mbili: "Endeleeni, wazee. Mungu awafikishe."

Kuhusu harufu sitabishana na mtu. Ila yakumbukwe madhila yaliyompata. Zamani alikuwa na mfuko wa plastiki, ule wa Rambo. Mabasini kondakta aligawa mifuko hiyo mapema, na mambo yaliishia humo, yakafungwa fundo, yakatupwa dirishani, jambo ambalo nakiri halikuwa la kistaarabu. Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Mifereji ilishukuru, ng'ombe walishukuru, bahari ilishukuru. Hakuna aliyeuliza mtapikaji atafanya nini. Mfuko wa karatasi haumfai, kikapu hakimfai, na ule mbadala wa kitambaa chepesi unavuja. Alijitafutia mwenyewe kopo la rangi lenye mfuniko, akaanza kuliosha na kulitumia tena safari hadi safari. Kama kuna raia aliyeitii ile sheria kwa vitendo, ni huyu.

Basi ninyi ambao sasa hivi mnachangishana kwenye grupu kwa ajili ya Desemba, nawaomba. Futeni zile saa. Andikeni majina ya mahali tu, na wekeni siku moja ya ziada kwa Tanga. Angalieni jedwali la maji kujaa na kupwa ikiwa Maziwe mnaitaka kweli. Kiti cha mbele kushoto kiwe chake, hata kama Baba Mkubwa amekizoea. Dirisha liwe wazi, ile pafyumu inayoning'inia kwenye kioo itolewe, na asiulizwe kila dakika kumi anajisikiaje. Pakieni ndimu, tangawizi, maji ya kunawa na kopo la pili. Akisema simama, simameni.